Kuseti taa za mbele za gari la mizigo lililoinuliwa nyuma

Msomaji wa Njombe ameandika hivi: "Nina Probox iliyotoka Japani, ninayoitumia kusafirisha viazi hadi Makambako. Huondoka nyumbani saa tisa usiku nikiwa na mzigo, na hurudi mchana gari likiwa tupu. Mwaka jana niliweka spesa kwenye springi za nyuma ili gari lisikwaruze chini, na tangu siku hiyo mwanga wa taa ukawa unaanguka karibu mno na bampa. Fundi alinipandishia taa gari likiwa tupu, nami nikaridhika. Lakini sasa kila nikisafiri na mzigo, madereva ninaokutana nao huniwashia fulu, yaani taa za mwanga wa mbali, kwa kulalamika, ilhali mimi mwenyewe barabara siioni vizuri. Balbu ni H4 za kawaida. Nimeshauriwa ninunue za LED. Je, zitanisaidia?"

Ndugu msomaji, usinunue balbu za LED. Maelezo uliyotoa yanaonyesha wazi kwamba kasoro kubwa ya taa zako ni mwelekeo, na balbu yenye nguvu zaidi ndani ya taa iliyoelekezwa vibaya itawaumiza macho zaidi wale unaokutana nao bila kukuongezea chochote cha maana mbele yako. Fundi wako hakukosea kupandisha taa zilizokuwa zimeinama. Alikosea kuzipandisha gari likiwa katika hali ambayo hulitumii usiku. Nitakueleza kwanza kilichotokea, kwa sababu ukikielewa utaweza kulirekebisha gari lako mwenyewe kwa bisibisi, mkanda wa kupimia na ukuta.

Mwinamo wa taa hupimwa kwa asilimia. Asilimia 1 maana yake ni kwamba mwanga unashuka sentimita 1 kwa kila mita 1 unayosonga mbele, kwa hiyo ukifika mita 10 umeshuka sentimita 10. Kanuni ya 48 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ufungaji wa taa za magari, inataka taa za mwanga wa karibu, zile tunazoziita dimu, ziinamishwe kiwandani kati ya asilimia 1 na 1.5 pale taa inapokuwa chini ya sentimita 80 kutoka ardhini, na mzigo wowote unaoruhusiwa ukipakiwa, mwinamo huo usipungue chini ya asilimia 0.5 wala usizidi asilimia 2.5. Mimi kwa magari madogo huchukua asilimia 1.2. Ikiwa taa yako iko sentimita 70 kutoka ardhini, mwinamo huo unaufikisha ukingo wa juu wa mwanga barabarani kwenye umbali wa mita 58 hivi, umbali unaomfaa mtu anayesafiri usiku kwa mwendo wa kiasi.

Sasa tuangalie zile spesa. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la Probox yako ni mita 2.55. Ukiinua nyuma kwa sentimita 5 tu bila kugusa mbele, gari zima linainama kuelekea mbele kwa 5 gawanya kwa 255, yaani karibu asilimia 2. Asilimia hizo 2 zinaongezeka juu ya zile 1.2 za awali na kufanya 3.2, na mwanga uliokuwa ukifika mita 58 sasa unaanguka mita 22. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Ndiyo maana ulihisi kwamba unaendesha ndani ya kiza: kwa hakika ulikuwa ukiona sekunde moja ya barabara na si zaidi.

Fundi akapandisha taa hadi zikarudi mahali pake, gari likiwa tupu. Kisha ukapakia viazi. Magunia yanakaa nyuma, springi za nyuma zikazama, na hata zikizama sentimita 5 zilezile tu, ile asilimia 2 inarudi kwa upande wa pili. Badala ya kuinama asilimia 1.2, mwanga sasa unapanda juu ya usawa wa taa kwa takriban asilimia 0.8. Mbele yako mita 50 umepanda karibu sentimita 40 juu ya taa, na 40 ukijumlisha na 70 unapata mita 1.1, ambacho ndicho kimo cha macho ya dereva aliyeketi ndani ya gari dogo. Wanaokuwashia fulu hawakuonei. Mwanga wako unawaingia machoni moja kwa moja wakiwa bado mbali, na haukati hadi mpishane.

Hapo hapo lipo jibu la kwa nini wewe mwenyewe huoni. Katika taa ya dimu, sehemu yenye mwanga mzito kuliko zote iko chini kidogo tu ya ukingo wa juu, kwa sababu ndiyo iliyokusudiwa kumulika mbali. Taa ikiinuka kupita kiasi, sehemu hiyo nzito haigusi barabara tena. Inapita hewani na kumulika matawi ya miti, na lami inabakiwa na mwanga dhaifu wa sehemu ya chini. Kwa hiyo taa inayomchoma mwenzako mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayokunyima wewe barabara. Wako madereva wengi wanaoamini kwamba taa iliyoinuliwa juu inaona mbali, na imani hiyo imeharibu taa nyingi zilizokuwa nzima.

Swali linalofuata ni gumu zaidi: useti taa gari likiwa na mzigo au likiwa tupu? Kwanza angalia kando ya usukani, chini kidogo ya dashibodi, kama kuna kigurudumu chenye namba kuanzia sufuri hadi 3 au hadi 5, chenye alama ya taa. Kigurudumu hicho huendesha mota ndogo zinazoinamisha taa, na kiliwekwa kwa ajili ya tatizo lako hasa. Sufuri ni ya gari lenye dereva peke yake, na namba zinazofuata huinamisha mwanga kadiri mzigo wa nyuma unavyoongezeka. Kama unacho na kinafanya kazi, seti taa gari likiwa tupu na kigurudumu kikiwa kwenye sufuri, kisha pakia mzigo wako wa kawaida, rudi mbele ya ukuta uleule, na uzungushe kigurudumu mpaka ukingo wa mwanga ushuke na kurudi kwenye mstari. Namba utakayoipata ndiyo namba yako ya safari ya Makambako. Iandike kwenye kipande cha karatasi na uibandike karibu na usukani. Nimeona magari mengi yenye kigurudumu hiki ambayo wenyewe hawajawahi kukigusa tangu wayanunue, na mengine ambayo mota zake zimekufa bila mtu kujua. Kipime kwa kukizungusha usiku mbele ya ukuta: taa zote mbili zinapaswa kushuka na kupanda kwa pamoja.

Kama huna kigurudumu hicho, basi seti taa gari likiwa na mzigo. Nafahamu kwamba mafundi wengi watakuambia kinyume chake, na kwa gari la familia wana haki. Lakini wewe unasafiri usiku ukiwa umepakia na unarudi mchana ukiwa mtupu, kwa hiyo hali ya usiku ndiyo inayostahili kuongoza. Siku utakapolazimika kurudi usiku gari likiwa tupu, mwanga utaanguka karibu, wala hutamwumiza mtu. Utalazimika tu kwenda polepole. Kosa la upande huo linavumilika. Hakikisha pia kwamba mzigo unaousetia ni ule gari linaoruhusiwa kubeba: Probox ya mizigo ya toleo la kwanza iliundwa kwa kilo 400 watu wawili wakiwa mbele, na ukizidisha hapo springi zitazama kiasi ambacho hakuna skrubu ya taa itakayokifuata.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta ukuta uliopakwa rangi isiyong'aa, wenye uwanja mbele yake wa mita 15 hivi. Ukuta wa ghala, wa shule au wa kituo cha mafuta unafaa, mradi umeomba ruhusa. Watu huambiwa kwamba uwanja lazima uwe tambarare kama maji yaliyotulia, na wengi hukata tamaa hapo, hasa katika mji wa milimani kama wenu. Ukweli ni kwamba mteremko mdogo hauharibu kipimo, ilimradi ardhi iwe mstari mmoja ulionyooka kuanzia chini ya ukuta hadi nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu utapima kimo kutoka kwenye ardhi hiyohiyo pande zote mbili. Kinachoharibu ni bonde au kifundo katikati. Bonde la sentimita 5 chini ya magurudumu ya nyuma lina athari ileile ya springi zilizozama sentimita 5, yaani asilimia 2 za uongo, na kazi yako yote itakuwa imeseti bonde badala ya taa. Chukua kamba ya fundi wa ujenzi, ivute ikaze kutoka chini ya ukuta hadi mita 14 nyuma kwenye njia ya kila tairi, na uangalie inapoacha ardhi na inapoigusa. Pengo likizidi sentimita 1 chini ya magurudumu, sogea mahali pengine.

Kabla ya kupima, jaza upepo wa tairi zote kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, kwa mzigo utakaokuwa nao. Tangi liwe na mafuta nusu au zaidi. Mtu mwenye uzito unaokaribiana na wako aketi kwenye kiti cha dereva muda wote wa kazi, kwa kuwa uzito wake pia unaigusa springi. Tikisa gari kwa kulikandamiza mbele na nyuma mara tatu au nne ili springi na shokapu zikae katika hali yake ya kawaida. Kisha fungua boneti na uzishike taa moja moja kwa mkono uzitikise. Taa ikicheza, masikio yake ya plastiki yamevunjika, pengine kwa ajali ya zamani iliyotengenezwa haraka, na huna haja ya kuendelea mpaka uyatengeneze. Taa iliyofungwa kwa waya haitakaa ulipoiseti hata hadi mwisho wa safari ya kwanza.

Sogeza gari mpaka likaribie ukuta kabisa, likiwa limenyooka, na uweke alama ukutani mbele ya kitovu cha kila taa. Taa nyingi zina kidoti au kialama kidogo kwenye kioo, mbele ya balbu, kinachoonyesha kitovu hicho. Pima kimo cha kitovu kutoka ardhini na uhakikishe kwamba alama za ukutani ziko kwenye kimo hichohicho. Kwa kutumia tepu ya karatasi ya wapaka rangi, chora mstari mmoja wa mlalo unaopita kwenye alama zote mbili, na mistari miwili ya wima, mmoja kwa kila taa. Chini ya mstari wa mlalo, kwa sentimita 12, weka mstari wa pili wa mlalo. Rudisha gari nyuma kwa mstari ulionyooka mpaka uso wa taa uwe mita 10 kamili kutoka ukutani. Uwanja ukiwa mfupi, mita 5 zinatosha na mstari wa pili unakuwa sentimita 6 chini ya wa kwanza, ila kosa lolote dogo la mkono wako linakuwa na uzito maradufu.

Ngoja giza liingie, washa injini ili betri isishuke, kisha washa dimu. Simamisha kipande cha boksi mbele ya taa moja bila kuigusa, usifunike kioo kwa nguo, kwani kioo cha plastiki hushika joto na kuharibika. Taa iliyobaki itakuonyesha umbo lake ukutani: upande wa kulia ukingo wa mwanga umelala sawasawa, na kuanzia kati kuelekea kushoto unapanda kama mteremko wa paa. Mahali mlalo unapokutana na mteremko pana kona. Ukingo uliolala unatakiwa ukae sawasawa kwenye mstari wa pili, ule wa sentimita 12, na kona iwe kwenye mstari wa wima wa taa hiyo au kidogo sana upande wa kushoto. Isiwe upande wa kulia kamwe, maana kulia ndiko mwenzako anakotokea.

Nyuma ya taa utakuta skrubu mbili, au moja kwa baadhi ya magari. Mara nyingi ni vigurudumu vidogo vya plastiki vyenye meno, vinavyozungushwa kwa bisibisi ya nyota inayoshushwa kupitia tundu lililo juu ya taa. Moja hupandisha na kushusha, nyingine husogeza kushoto na kulia. Zungusha nusu mzunguko kwa mara moja na uangalie ukuta kabla ya kuendelea, kwa sababu plastiki ya gari la miaka mingi ni kavu na meno yake hukatika ukilazimisha. Ukimaliza taa ya kwanza, hamishia boksi upande wa pili na ufanye vilevile. Mwishoni tikisa gari tena mara chache na uangalie kama ukingo umerudi palepale.

Kama ukuta unakuonyesha wingu la mwanga lisilo na ukingo, acha kuzungusha skrubu. Ndani ya balbu ya H4 kuna nyuzi mbili, moja ya dimu yenye wati 55 na moja ya fulu yenye wati 60, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya kioo cha kuakisi. Kikombe hicho ndicho kinachouchora ukingo. Balbu ikikaa upande, ukingo unapotea. Itoe, usiguse kioo chake kwa vidole, hakikisha sikio lake pana limekaa juu kwenye pengo lake na kibano kimeshika, kisha washa tena. Hapa ndipo utaelewa kwa nini nimekukataza LED. Kioo cha kuakisi cha taa yako kilipindwa kwa hesabu ya uzi mwembamba wa milimita chache uliokaa mahali fulani hasa. Vipande vya LED vina upana wake, umbo lake na mahali pake pengine, kwa hiyo kioo hicho hakiwezi kuupeleka mwanga wake panapostahili. Kinaumwaga huku na huku, na sehemu yake inapanda juu ya ukingo. Mbele ya bampa utaona weupe mwingi unaokufurahisha, na weupe huo wa karibu hufanya macho yako yazoee mwangaza kiasi cha kushindwa kuona kilicho mbali.

Jambo jingine la kukagua ukutani ni upande ambao mteremko unapanda. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Japani linafaa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa kuwa huko kote tunaendesha upande wa kushoto na mteremko unaopanda kushoto unamulika ukingo wa barabara, penye watembea kwa miguu na baiskeli. Taa zisizo za asili zinazouzwa madukani wakati mwingine zimetengenezwa kwa nchi za upande wa kulia, na mteremko wake hupanda kulia, machoni mwa unayekutana naye. Usipokee taa kama hiyo hata kwa bei ndogo, kwani hakuna skrubu ya kuigeuza. Wasomaji wa Burundi na mashariki ya Kongo, ambako magari mengi ya Japani yenye usukani wa kulia hutembea upande wa kulia wa barabara, wana tatizo hili kila usiku, na dawa yake ya kweli ni kutafuta taa kamili za toleo la usukani wa kushoto.

Kwa kuwa nyuzi zote mbili za H4 hutumia kioo kimoja cha kuakisi, fulu inafuata dimu. Ukiseti dimu vizuri, fulu inakwenda mbele moja kwa moja mahali pake bila kugusa kitu kingine. Na taa yako ilipokuwa imeinama asilimia 3.2, hata fulu ilikuwa ikimulika lami ya karibu.

Mwelekeo ukiwa sawa na bado unaona mwanga ni mwekundu au hafifu, hapo ndipo unapoanza kutafuta wingi wa mwanga, na ningeanza na waya kabla ya balbu. Mwanga wa balbu ya halojeni hushuka kwa kasi kubwa kuliko umeme unaoupata: volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua takriban asilimia 30. Mwombe fundi umeme apime volti kwenye vituo vya betri, injini ikiwa inaunguruma na taa zikiwaka, kisha apime kwenye soketi ya balbu yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti kuna kutu au waya uliochoka, na mara nyingi ni ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi karibu na taa. Kuufungua, kuusugua kwa msasa mpaka chuma king'ae na kuufunga tena ni kazi ya dakika kumi ambayo hurudisha mwanga uliokuwa umepotea kwa miaka. Usitatue upungufu huo kwa balbu za wati 100 kwa 90. Uzi wa wati 90 huvuta umeme mara 1.6 ya ule wa wati 55, na joto linalozaliwa kwenye waya huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Soketi itayeyuka, na nimezitoa nyingi zilizoungua namna hiyo.

Kisha angalia kioo cha nje cha taa. Ni plastiki ngumu ambayo jua huiunguza ikawa ya njano na yenye ukungu, na ukungu huo unazuia mwanga usitoke na kuutawanya ule unaotoka, hivyo unakunyima wewe na kumsumbua mwenzako kwa wakati mmoja. Husafishwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800, kisha 1500, kisha 2000 au zaidi, ukimwagia maji muda wote, na kumalizia kwa polishi. Ukiishia hapo, njano itarudi baada ya miezi michache, kwa kuwa umeondoa pia ile ngozi ya juu iliyokuwa ikizuia jua. Sharti upulizie rangi angavu maalumu ya kukinga miale ya jua. Dawa ya meno inang'arisha kwa siku chache tu. Na kama kioo cha kuakisi kilicho ndani kimeungua na kupoteza fedha yake, badilisha taa nzima. Usisahau kioo cha mbele cha gari, hasa upande wa ndani, ambako utando mwembamba wa vumbi na jasho husambaza kila mwanga unaokuja mbele yako.

Hata taa zikisetiwa kikamilifu, dimu ina mpaka wake, na mpaka huo unahesabika. Ukichukua sekunde moja na nusu ya kutambua hatari na kukanyaga breki, na breki nzuri kwenye lami kavu, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husimama ndani ya mita 45, na linalokwenda 80 husimama ndani ya mita 68. Dimu yako inafika mita 58, ikiongezewa kidogo upande wa kushoto na ule mteremko. Kwa hiyo kwa dimu peke yake, usizidi 60, na lami ikiwa imelowa au gari likiwa limejaa viazi, shuka zaidi. Barabara ikiwa wazi mbele yako washa fulu bila kusita, na uirudishe dimu mara tu unapoona mwanga wa anayekuja, hata kabla hajatokeza kwenye kona au kilele cha mlima. Akichelewa kuzima ya kwake, usimjibu kwa fulu. Tazama ukingo wa kushoto wa lami na upunguze mwendo mpaka mpishane.

Kwa ukungu wa kwenu wa alfajiri, fulu haifai kabisa, kwa kuwa matone ya maji yaliyo hewani huirudisha machoni mwako kama ukuta mweupe. Baki na dimu, na kama gari lina taa za ukungu kwenye bampa, ziwashe pamoja nayo. Zimewekwa chini na mwanga wake ni mpana na mfupi, ili kukuonyesha kingo za barabara ukienda polepole. Ukungu ukiisha, zizime.

Rudia kipimo cha ukutani kila unapobadilisha springi, shokapu, ukubwa wa tairi au taa yenyewe, na kila unapoigonga bampa, hata kidogo. Kabla hujaondoka pale ukutani mara ya kwanza, gari likiwa na mzigo, pima pia umbali kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele na la nyuma, kulia na kushoto, uviandike vipimo hivyo vinne nyuma ya kadi ya gari. Miezi sita baadaye, ukipakia mzigo uleule na ukakuta nyuma imeshuka sentimita 2 zaidi huku mbele pakiwa palepale, utajua kwamba springi zimechoka na kwamba taa zako zimepanda karibu asilimia 0.8, hata kabla mtu wa kwanza hajakuwashia fulu.